Kidole Gumba Changu na Panya wa Mwani

Brenda, binti wa mdogo wangu, alikuja Jumapili baada ya kanisa amebeba kopo jeupe lenye picha ya ubongo unaong'aa. Ndani ni unga wa mwani wa baharini, na maandishi yanasema ni wa kurudisha kumbukumbu. Alilileta kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mke wangu Rodah, ambaye siku hizi anaweza kula obusuma, ugali wetu, akamaliza, akanawa mikono, kisha akaniuliza leo tutakula saa ngapi. Ya pili ni mimi. Anauza unga huo kwa simu, na alitaka nishike kopo mbele ya kamera niseme kwamba mimi niliyekamua mwani kwenye maabara hapa Kakamega nathibitisha kuwa unafanya kazi.

"Baba Mkubwa, ni dakika moja tu," akaniambia. "Watu wanakuaminianga."

Nilimwambia aache kopo, nitafikiria. Sikuwa na nguvu za kubishana mlangoni na tumbo tupu. Mtu anayemtunza mgonjwa wa kusahau hachoki miguu peke yake, anachoka hata ulimi, kwa sababu jibu moja analitoa mara ishirini kwa siku. Kwa hiyo Brenda, na nyinyi wenzake mnaouza, na nyinyi wengine mnaovaa makoti meupe mkidhani mashine ndiyo inayofanya kazi, nimeona heri niwaandikie. Msome mkiwa mmekaa.

Kazi yangu ilikuwa fundi wa maabara. Daktari ndiye anayefikiri na jina lake ndilo linaloandikwa juu ya karatasi. Fundi ndiye anayeosha, anayesaga, anayeloweka, anayechuja na anayelaumiwa chupa ikivunjika. Nilianza na magome na mizizi ya msitu wetu. Tulikuwa tunakwenda kule msituni Isecheno na kibali mkononi, tunaonyeshwa mti na mlinzi, tunabandua kidogo upande mmoja ili mti usife. Aliyenifundisha ni Mzee Lumbasi, mtu mfupi mwenye hasira fupi zaidi, ambaye alikuwa ameloweka magome kabla sijanyoa ndevu. Alikuwa na sheria moja aliyoiweka juu ya zote: bandika jina kwenye chupa kabla ya kumimina kitu ndani. Ukimimina kwanza, ukaitwa nje kidogo, ukirudi una chupa mbili za maji ya kahawia na huna la kusema. Niliwahi kufanya hivyo mara moja. Alinifanya nimwage zote mbili, kazi ya wiki nzima, akasimama pale akiangalia mpaka tone la mwisho.

Mwani ulikuja baadaye, wakati Mzee Lumbasi alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliyeuleta ni Daktari Naliaka, mama mmoja mpole wa sauti lakini mgumu wa kazi. Alikuwa amesoma kwamba ndani ya mwani mna vitu ambavyo huenda vinasaidia seli za ubongo zisichakae haraka, naye akataka tuujaribu kwa panya. Magunia yakatoka pwani yakaja mpaka huku kwetu ambako bahari tunaiona kwenye kalenda. Jamani, ile harufu. Paka wa mtaa mzima walihamia nyuma ya maabara. Nilipofungua gunia la kwanza Mzee Lumbasi alichungulia, akasema huu ni mrenda ulioharibika, akaenda zake kunywa chai.

Na pale Khayega ninakoishi habari zikafika kabla yangu. Nyinyi mnajua watu wetu, ukisema umetengeneza dawa ya mmea wanataka kujua kitu kimoja tu. Wazee wazima wenye wajukuu walinivuta pembeni kuniuliza kwa sauti ya chini kama huo mwani unafanya kazi ya mukombero, ule mzizi wa nguvu za kiume. Nikawaambia ni wa kukumbuka. Mmoja akafikiri kidogo, akasema yeye kukumbuka anakumbuka, ndiyo sababu ana huzuni. Nilicheka njia nzima nikirudi nyumbani.

Sasa kukausha. Mwani hukaushwa kivulini, juu ya wavu wa waya, upepo upite chini na juu. Ukiuanika juani moja kwa moja unapauka, na unachokitafuta kinaweza kupotea pamoja na rangi. Lakini Kakamega hii mvua inanyesha kila mchana kama imeajiriwa. Gunia la kwanza liliota ukungu. La pili nililikausha vizuri, nikalisaga, nikaliloweka kwenye spiriti siku tatu huku nikitikisa asubuhi na jioni, nikachuja kwa kitambaa, nikachuja tena kwa karatasi, nikavukiza kwa moto mdogo mpaka ikabaki lami ya kijani kibichi chini ya chupa. Nilijiona bingwa. Tukawapa panya. Kesho yake panya hawakufanya lolote la akili, walikunywa maji tu. Walikunywa kama ng'ombe waliotoka mnadani. Mimi mtu wa msituni sikujua kwamba kitu cha baharini lazima kisuuzwe kwanza kwa maji baridi, haraka haraka, ili chumvi itoke. Nilikuwa nimewapa chumvi. Daktari Naliaka alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia niandike kosa hilo kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, na tarehe.

Hilo daftari liwekeni akilini.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Kuna tangi kubwa la duara, limejaa maji yaliyotiwa unga wa maziwa ili yasionekane ndani. Mahali fulani chini ya maji, karibu na uso, kuna kijukwaa cha kukanyaga. Panya anatiwa majini, anaogelea akitafuta pa kusimama. Siku ya kwanza anahangaika. Siku za mbele anakumbuka, anakwenda moja kwa moja. Wewe umesimama na saa ya kubonyeza, unapima amechukua muda gani. Lakini hao panya wetu kwanza tuliwachoma sindano ya kuwavuruga kumbukumbu, kusudi tuone kama mwani utawasaidia. Baadhi walipewa mwani, wengine maji matupu. Sheria ya saa ilikuwa wazi: unabonyeza miguu yote minne ikiwa juu ya kijukwaa, si kabla.

Sasa lazima niwaambie habari ya Rodah, kwa sababu bila yeye hii hadithi ingekuwa ya panya tu.

Rodah alikuwa fundi wa nguo, chumba kimoja karibu na soko la Khayega, cherehani moja na kioo kimoja. Hakuwahi kuandika vipimo. Anakuzungushia utepe kifuani, anaubana na kidole gumba, anasoma, anakwenda mabegani, mkononi, kiunoni, na zote anakaa nazo kichwani mpaka siku ya kukata. Akina mama wa kanisa ishirini walikuwa wanaweza kuja siku moja na kila mmoja akapata nguo yake inavyotakiwa. Wengine walikuwa wanamjaribu, wanarudi baada ya miaka miwili wanamuuliza mimi kiuno changu kilikuwa ngapi, naye anawaambia, na anaongeza kwamba sasa hakiko hapo tena. Alikuwa mcheshi sana, mke wangu.

Halafu siku moja alikata sare za akina mama wa kwaya, na nguo ya mwenyekiti, ambaye ni mama mkubwa wa mwili, ikatoka ndogo ya mtoto wa shule. Watu wakacheka. Rodah naye akacheka, lakini aliporudi nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni. Aliniambia alipofika kukata alitafuta zile namba kichwani akakuta hakuna kitu. Alisema hivyo tu, hakuna kitu, akakunja utepe akauweka chini ya mto.

Tulikwenda hospitali, tukaenda tena. Jina la ugonjwa tulipewa. Dawa za kupunguza makali tulipewa pia, na maneno mengi ya upole.

Basi fikirieni mtu huyo huyo anaamka anakwenda kazini. Asubuhi namchoma panya sindano asahau. Jioni narudi nyumbani namkuta mke wangu ambaye hakuna aliyemchoma chochote. Niliudhika na Mungu, sitaki kuwadanganya. Na niliutazama ule mwani kwa jicho jingine. Nilianza kuusuuza kama mtu anayeosha mtoto mchanga.

Ikawa panya wa mwani wanafanya vizuri. Vizuri sana. Wiki baada ya wiki kwenye daftari wao wanafika kijukwaani mapema na wale wa maji matupu wanachelewa. Daktari Naliaka akaanza kutembea haraka haraka kwenye ukumbi. Akaanza kuandika maombi ya kazi kubwa zaidi, safari hii kwa watu. Nikajipa moyo nikamwomba, wakianza watu, Rodah awe wa kwanza. Akaniambia tutaona, lakini uso wake ulisema ndiyo. Na mimi sikungoja. Nilichota kidogo ile lami, nikaiweka kwenye kichupa, nikakitia mfuko wa koti. Nilitembea nacho siku tatu. Kila nikifika mlangoni kwangu nilikigusa, nikasema kesho.

Hapa ndipo kuna kosa, na ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi kulifanya. Yule anayewapa panya dawa hapaswi kuwa yule anayeshika saa. Mzee Lumbasi alikuwa amenifundisha hilo hata kabla ya mwani kuja. Lakini yeye alikuwa amekwisha kustaafu, watu ni wachache, kazi ni nyingi, na nikamwambia Daktari kwamba nitafanya yote mawili, mimi ni mzoefu. Akakubali, naye alikuwa amechoka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewachora panya mikia kwa wino, mduara mmoja kwa wa mwani, miwili kwa wa maji. Na mimi ndiye niliyesimama kwenye tangi.

Siku ya nne ya kile kichupa mfukoni, wino ulifutika. Nadhani ulikuwa umezeeka, na maji yakauosha. Nilipaswa kusimama nichore upya. Lakini kila panya alikuwa na namba kwenye kizimba chake, na orodha ya nani anapewa nini iko kabatini, nikasema nitajua baadaye nani ni nani, tuendelee. Nikawatia majini mmoja mmoja bila kumjua yeyote. Baadaye nikalinganisha namba na orodha, nikaandika. Nikaangalia ukurasa. Wa mwani na wa maji walikuwa sawa.

Nikasema ni bahati mbaya. Nikafunga daftari, nikaosha vyombo. Nikiwa naosha, mkono wangu wa kulia ukiwa ndani ya sabuni, nikakumbuka kidole gumba changu. Mwenye mduara mmoja akikaribia kijukwaa nilikuwa navuta pumzi. Akigusa kwa miguu ya mbele, miwili tu, kidole kinabonyeza. Mwenye miduara miwili nilikuwa namngoja atulie, miguu minne yote, hata ajitikise maji. Hakuna siku niliyokaa nikapanga kudanganya. Naapa mbele yenu. Kidole kilikuwa kinafanya chenyewe, kwa sababu kilikuwa cha mume wa Rodah.

Nilikaa kwenye stuli nikalia. Mwanamume mzima, na paka dirishani wananitazama.

Ningeweza kunyamaza, hilo nataka mlijue. Hakuna aliyekuwa ameona. Ningechora mikia upya kesho yake, ukurasa ule mmoja ungesemekana ulikuwa siku mbaya, na maombi ya Daktari yangekwenda. Na nikinyamaza Rodah atakuwa wa kwanza. Nilizungusha mambo hayo kichwani mpaka sabuni ikakauka mkononi. Kilichonishinda ni kitu kidogo tu. Nilijiona nikimpa Rodah kijiko cha ile lami, halafu nikimtazama kila siku kwa jicho lile lile nililowatazamia panya wangu, nikiona anapona kila anapofungua mdomo. Nisingejua kamwe. Ningekuwa namtazama mke wangu na simwoni.

Nikabisha mlango wa Daktari. Nilimweleza yote nimesimama. Kichupa nilikitoa mfukoni nikakiweka mezani kwake. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, mvua inapiga mabati. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Aliponitazama aliniuliza swali moja.

"Ulimpa?"

"Hapana, Daktari."

"Basi tunaanza upya," akasema. "Na saa utampa mtu mwingine."

Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Aliyararua yale maombi yake mwenyewe, mimi nikiona. Siku iliyofuata akaniambia kosa hili nalo niliandike kwenye daftari, kwa wino, na tarehe, chini ya lile la chumvi. Nikaandika.

Tulirudia. Mtu mwingine akashika saa, ambaye hata kujua panya wa mwani ni yupi hakujua, na juu ya tangi tukafunga kamera. Panya wa mwani walitoka mbele kidogo. Kidogo sana, kiasi kwamba Daktari aliandika huenda ipo faida na huenda haipo, inahitaji kazi zaidi. Ndivyo mambo yalivyo mpaka leo, Brenda. Sisemi mwani ni uongo. Wako watu wenye akili wanaoendelea nao, na siku moja huenda wakatoka na kitu. Lakini kutoka kwa panya mwenye afya aliyevurugwa kwa sindano mpaka kwa Mama yako Mkubwa ni mbali, na hakuna aliyefika. Tena mwani hunywa chochote kilichoko kwenye maji unapoota, kizuri na kibaya. Huo wa kwenye kopo ulitolewa wapi? Nani aliusuuza? Mgonjwa wa presha akinywa chumvi ile, au mwenye uvimbe wa tezi kooni, nani atamwambia? Hayo muulizwe na mjibu. Na mgonjwa apelekwe kwanza kliniki, na makopo yake yote yaende naye kwenye mfuko.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Walinipa saa ya ukutani, nikacheka peke yangu.

Nimeandika haya kidogo kidogo kwa siku nyingi, Rodah akilala ndipo naandika. Nilikuwa nimedhani nimemaliza. Lakini jana mchana, kabla ya mvua, Brenda alirudi kuuliza nimeamua nini.

Ilikuwa moja ya siku nzuri za Rodah. Alikuwa ametoa utepe wake mahali anapoufichanga, akaniamuru nisimame. Nikasimama nikainua mikono. Huwa ananipima hivyo mara nyingi na kusahau katikati, mimi humwacha tu. Jana aliuzungusha utepe kifuani, akaubana na kidole gumba, akainama kusoma, akasoma tena. Halafu akanitazama usoni kwa masikitiko.

"Baba Beti, umepungua," akasema. "Ulikuwa arobaini na nne. Sasa ni arobaini."

Arobaini na nne ni kipimo cha suti aliyonishonea Beti wetu alipoolewa, na hakuwahi kukiandika popote. Brenda akaruka, akasema Baba Mkubwa si umeona, dawa imefanya kazi, na simu tayari iko juu inataka kurekodi. Nikamwambia angoje. Nikaenda chumbani nikafungua kabati nikamletea kopo lake. Alifungua kifuniko. Ile karatasi ya fedha iliyogandishwa mdomoni ilikuwa nzima, haijatobolewa hata kwa ukucha.

Aliligeuza geuza, simu akairudisha kwenye mkoba. Akaniuliza kwa sauti ndogo, sasa kama si dawa ni nini. Nikamwambia sijui, siku nzuri zinakujanga. Rodah naye akamgeukia akauliza huyu msichana mzuri ni wa nani. Brenda akamshika mkono akamwambia ni Brenda, Mama Mkubwa, akabaki ameushika hivyo mpaka mvua ikaanza. Sikumsema, amejifunza kwa macho yake.

Lakini Brenda, kuna kitu ambacho hukukiona jana, na bila hicho barua hii haijakamilika. Kutoka sebuleni mpaka kabatini kwangu ni hatua sita. Mimi niliyeandika kosa langu kwa wino, nilizitembea hatua hizo zote sita nikiomba nikute karatasi ile imechanika, kwamba labda nilimpa nikasahau.